Mlinzi wa Bustani Naye Huhitaji Riziki



Wiki mbili zilizopita tulipokea swali kutoka kwa mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Ana bustani ndogo nyuma ya nyumba yake: matuta mawili ya mchicha, mistari michache ya bamia na kunde, na miche ya nyanya pembeni mwa ukuta. Mboga hizo ndizo kitoweo cha nyumbani siku nne au tano katika wiki, na zinazobaki huwauzia majirani. Mwezi huu bamia zake zimevamiwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani na kuyaacha yakinata kama yaliyopakwa asali. Wengine huwaita wadudu mafuta. Jirani yake, kwa nia njema kabisa, amemletea dawa ndani ya chupa ya soda na kumwambia atie kifuniko kimoja katika ndoo ya maji, anyunyize jioni, na kesho yake hatamwona hata mdudu mmoja.

Mama huyu anauliza: anyunyize au asinyunyize? Kisha anaongeza sentensi iliyotufanya tuiweke kando mada tuliyokuwa tumeiandaa kwa wiki hii. Anasema: “Wanangu huchuma bamia na kuzila mbichi wakiwa wanacheza.”

Jibu letu la kwanza ni fupi: asinyunyize. Chupa isiyo na lebo haina jina la dawa, haina kipimo, haina onyo, wala haina idadi ya siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuchuma. Dawa hiyo huenda ilitengenezwa kwa ajili ya pamba, au kwa ajili ya kuogeshea mifugo, na hakuna ajuaye. Tena chupa ya soda katika nyumba yenye watoto ni hatari hata kabla haijafunguliwa, kwani mtoto huijua chupa kwa umbo lake. Tunamwomba aiweke mahali pa juu, pa kufungwa kwa ufunguo, amweleze jirani yake kwa upole, kisha amtafute afisa ugani wa kata amwelekeze namna ya kuiondoa. Asiimwage mtaroni, wala karibu na kisima.

Hata hivyo tunatambua kwamba neno “usifanye” halijazi sufuria. Vidukari bado wapo juu ya bamia, na mama anahitaji mboga. Kwa hiyo safu ya leo tumeikusudia kwa ajili ya jibu la pili, lililo refu zaidi: namna ya kuilinda bustani kwa kutumia mimea yenyewe na viumbe ambao mimea hiyo huwaita.

Kosa tulilolifanya sisi

Tunalizungumza jambo hili kwa kuwa limetufika. Misimu michache iliyopita, katika bustani ya nyumbani kwetu, nasi tuliletewa dawa ya kupimiwa kwa kifuniko. Tulinyunyiza kunde zetu jioni moja, na baada ya siku mbili majani yalikuwa safi. Tulifurahi na tukawasifia wageni. Wiki ya tatu vidukari walirudi, safari hii wakiwa wengi kuliko mwanzo, hadi ncha za kunde zikajikunja na maua yakapukutika. Tulipomweleza mzee mmoja mkulima, jirani yetu, hakutuuliza ni dawa gani tuliyotumia. Alituuliza: “Na wale wenye kuwala, mliwaacha?”

Hatukuwa tumewaacha. Tuliwaua pamoja na vidukari, tena tuliwaua vibaya zaidi, kwa sababu wao huchukua muda mrefu kurejea. Tuitazame hesabu yenyewe. Kidukari jike huzaa bila kuhitaji dume, huzaa watoto walio hai badala ya kutaga, na wakati wa joto mtoto huyo huanza naye kuzaa baada ya wiki moja hivi. Adui wake mkubwa ni mdudu kibibi, yule mdogo wa mviringo mwenye mgongo mwekundu au wa rangi ya chungwa uliojaa madoa meusi. Yeye hutaga mayai, mayai huangua viluwiluwi, viluwiluwi hugeuka kuwa bundo, na bundo ndilo hutoa mdudu kamili. Safari yote hiyo huchukua majuma matatu au zaidi. Dawa ikiwafagia wote kwa siku moja, anayezaa haraka ndiye atakayerudi kwanza, naye ataikuta bustani haina mlinzi.

Kuna tofauti nyingine iliyo muhimu zaidi. Kidukari hahitaji kitu chochote kwetu ila bamia na kunde, navyo tumekwisha kumpandia. Mlinzi hahitaji bamia. Yeye huhitaji mawindo, lakini pia huhitaji utamu wa maua, chavua, maji, kivuli na mahali pa kulala, mwaka mzima, hata siku ambazo hakuna wadudu wa kuwinda. Mharibifu huja bila kualikwa. Mlinzi hana budi kualikwa na kukirimiwa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunafyeka kila kijani tusichokila, tunafagia hadi udongo ung’ae, kisha tunashangaa kuwa ndege na wadudu wema hawaji kwetu.

Funzo la majimoto

Wasomaji wetu wa Unguja, Pemba na pwani ya bara wanamfahamu majimoto, yule chungu mwekundu anayeshona majani ya mti kwa uzi mweupe na kufanya kiota. Aliyewahi kuchuma maembe au karafuu anaijua sababu ya jina lake, maana akikuuma ni kama umemwagiwa maji ya moto. Kwa wachumaji yeye ni adha. Kwa mnazi ni mlinzi.

Nazi hupita daraja nyingi kabla ya kukomaa: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi yenyewe. Katika daraja za mwanzo kuna mdudu afyonzaye, wa jamii ya kunguni, anayechoma kidaka kwa mdomo wake mrefu na kutia mate yenye sumu, na kidaka hupukutika kabla hakijawa kitu. Katika miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, M. J. Way, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa Zanzibar juu ya majimoto na minazi. Ilidhihirika kwamba minazi iliyokaliwa na majimoto haikusumbuliwa na kunguni huyo kama ile iliyokosa chungu hao. Mdudu mwenyewe, katika majina ya kitaalamu, amepewa jina la mtafiti huyo. Baadaye watafiti wa Tanzania bara waliona kwamba majimoto huilinda pia mikorosho dhidi ya kunguni huyo huyo na dhidi ya mbu wa mikorosho.

Majimoto naye ana adui wake, chungu mdogo wa kahawia mwenye kichwa kikubwa, aishiye ardhini, ambaye hupanda miti na kumfukuza. Utafiti uliofanywa nchini Tanzania katika mashamba ya michungwa ulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Penye majani na magugu mafupi chini ya miti, chungu wa ardhini alikaa zaidi chini, na majimoto akaendelea kuishi juu. Palipofyekwa pakabaki udongo mtupu, chungu wa ardhini alipanda mitini na majimoto akapungua. Hivyo shamba lililoonekana safi machoni ndilo lililompoteza mlinzi wake.

Maarifa haya si mageni kwa watu wa kale. Mwaka 304, huko China, mwandishi Ji Han alieleza jinsi viota vya chungu wa jamii ya majimoto vilivyouzwa sokoni ili vitundikwe katika michungwa. Na karibu zaidi na sisi, msafiri wa Kiswidi, Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1775, yakieleza kuwa wakulima wa tende wa Yemen walikuwa wakiwashusha chungu kutoka milimani kila mwaka na kuwaweka katika mitende yao, ili wawale wadudu waliokuwa wakiiharibu. Majahazi yaliyoileta tende katika bandari zetu yalibeba matunda ya mitende kama hiyo, nasi tuliinunua bila kujua kuwa huenda chungu naye alikuwa na fungu katika kazi hiyo.

Jambo hili halipaswi kumshangaza Muislamu. Tuna sura nzima katika Qur’ani yenye jina la chungu na nyingine yenye jina la nyuki. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa kwa viumbe wanne, wakiwamo chungu, nyuki na hudihudi. Hudihudi huyo, mwenye kilemba cha manyoya kichwani, ni ndege anayetembea juu ya ardhi akichokoa udongo kwa mdomo wake mrefu na kuwatoa funza na viwavi waliojificha humo.

Mimea ya kuwakirimu walinzi

Sasa turudi katika bustani ya mama yetu, ambayo haina nafasi ya mnazi. Walinzi wake ni wadogo zaidi, na inafaa tuwatambue ili tusiwaue kwa kutowajua.

Wa kwanza ni mdudu kibibi tuliyemtaja. Watu wengi humpenda akiwa mkubwa na kumponda akiwa mdogo, kwa sababu kiluwiluwi chake hakifanani naye hata kidogo: ni kirefu, cheusi au cha kijivu, chenye madoa ya manjano, na huenda kama mamba mdogo. Ukikiona juu ya jani lenye vidukari, kiache. Kinakula kuliko wewe unavyoweza kuponda kwa vidole. Wa pili ni nzi wa maua, anayefanana na nyuki mwembamba na kuelea hewani mahali pamoja kama aliyetundikwa kwa uzi. Yeye mwenyewe hula chavua na utamu wa maua tu, lakini buu wake hula vidukari. Wa tatu ni nyigu wadogo mno, wengine hawazidi punje ya mtama. Hawana haja na binadamu. Hutaga yai ndani ya kidukari au ndani ya kiwavi, na buu hukua humo akimla mwenyeji wake. Ukiona miongoni mwa vidukari wako wamo waliovimba, wakakauka na kugeuka rangi ya kahawia, ujue nyigu hao wamekwisha kufika na kazi imeanza. Wengine ni buibui na vunjajungu, ambao hawahitaji maelezo.

Nyigu na nzi hawa wana midomo mifupi. Hawawezi kuufikia utamu uliomo ndani ya ua refu. Maua wanayoyapenda ni yale madogo madogo yaliyokusanyika kama mwavuli, ambayo huzaliwa na mimea ya jikoni mwetu: giligilani, shamari, bizari nyembamba, hata karoti iliyoachwa hadi ikachanua. Kwa hiyo tunamshauri mama asing’oe giligilani yote kwa ajili ya kachumbari. Aache mashina matatu au manne yachanue mwisho wa kila tuta, na baada ya wiki mbili apande mengine, ili maua yasikatike. Mrehani nao ukiachwa utoe maua huwaita nyuki, na nyuki ndiye atakayeyazawadia maboga na matango yake matunda. Alizeti mbili au tatu pembeni huwa mgahawa wa wadudu wanapochanua, na ghala la ndege wanapokomaa. Kunde zina siri yake: hutoa utamu hata nje ya maua, karibu na vikonyo, na chungu na nyigu huufuata huko.

Maji pia ni ukarimu. Kisahani kipana chenye kokoto, kikiwekwa kivulini, kitawanywesha nyuki, ndege na nyigu bila wao kuzama. Kimwagwe na kujazwa upya kila siku, tusije tukawafuga mbu huku tukiwakimbiza vidukari.

Mimea ya kufukuza na mimea ya kunasa

Baada ya kuwaita walinzi, tunaweza kumpunguzia mharibifu raha ya kutafuta. Wadudu wengi huutambua mmea wao kwa harufu na kwa umbo. Tuta la kabichi tupu ni kama duka lenye taa usiku. Kabichi zikichanganywa na vitunguu maji, vitunguu saumu, giligilani na mrehani, harufu huchanganyika na mdudu hupoteza muda. Tusitie chumvi hapa: mstari mmoja wa vitunguu hautaziba mlango, na mchaichai hutoa harufu yake hasa unapokatwa au kusuguliwa. Mchanganyiko husaidia, nao hauchukui nafasi ya walinzi.

Mmea wa kunasa hufanya kazi kinyume chake. Unapandwa ili mdudu aupende zaidi kuliko zao lako. Mstari wa haradali ukitangulia kupandwa kando ya kabichi, nondo na vidukari wengi hukimbilia huko, na hapo ndipo unapoweza kuwaponda au kuing’oa haradali na kuitupia kuku.

Kwa wale ambao nyuzi za mizizi ya nyanya na bamia zao hutoa vifundo vifundo, adui ni minyoo fundo aliye udongoni. Mimea ya jamii ya tagetesi, ile yenye maua ya manjano na chungwa yanayopandwa mbele ya nyumba, hutoa katika mizizi yake kemikali inayowadhuru minyoo hao. Ndugu yake wa porini huitwa bangi mwitu katika sehemu nyingi za Tanzania, na tunaharakisha kusema kuwa hana uhusiano na bangi ya kulevya. Lakini shina moja moja kati ya nyanya halitoshi. Inabidi tuta zima lipandwe tagetesi kwa miezi kadhaa kabla ya kurudishiwa nyanya.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote wa kuunganisha mbinu hizi umetoka kando ya Ziwa Victoria, huko Mbita nchini Kenya, katika kituo cha taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, ICIPE, iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wake, wakiongozwa na Zeyaur Khan, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walilitafutia dawa tatizo la bungua, yule kiwavi anayetoboa bua la mhindi. Waliita njia yao sukuma-vuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, jamikunde linalotambaa, na kuzunguka shamba hupandwa majani ya tembo. Nondo wa bungua hawalipendi shamba lenye desmodiamu, na huvutwa na majani ya tembo yaliyo pembeni. Wakitaga huko, viwavi wanapoanza kutoboa hukutana na utomvu mzito wa majani hayo, na wengi hufa. Tena mizizi ya desmodiamu huilaghai mbegu ya kiduha ikachipua bila kupata mzizi wa mhindi wa kuushika, ikafa. Mwenye shamba hubaki na mahindi, udongo uliorutubishwa, na majani ya kumpa ng’ombe. Mwaka 1997 watafiti hao walichapisha pia kuwa aina moja ya nyasi ikipandwa kati ya mahindi, harufu yake huwaita nyigu wadogo wanaowaua bungua. Nyasi hiyo inampigia mlinzi hodi kwa niaba ya mhindi.

Chura, kinyonga na bundi

Wapo walinzi wengine ambao tatizo lao si njaa bali ni sisi wenyewe. Chura hula konokono wadogo, mende na viwavi usiku kucha, naye hahitaji ila pembe yenye unyevu, chungu kilichovunjika kilichofunikwa juu chini, au rundo la majani makavu chini ya mgomba. Kinyonga hana sumu wala hana uadui na mtu, lakini watoto wetu humpiga mawe kwa hofu waliyorithi kwetu. Popo wengi wadogo wanaoruka magharibi juu ya paa hula nondo na mbu.

Na bundi, maskini, ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote. Bundi wa mabandani, mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, chakula chake kikubwa ni panya, wale wale wanaotafuna mahindi ghalani na miche bustanini. Lakini akilia juu ya paa, tunasema ameleta msiba. Imani ya kwamba ndege huyu ni nuksi ilikuwapo kwa Waarabu wa zama za ujahilia, na Uislamu uliikataza. Haifai tuirudishe kwa mlango wa uani. Tuwafahamishe watoto wetu hivyo, tena tukumbuke kuwa sumu ya panya humfikia bundi kupitia panya aliyeila.

Pale subira inapokwisha

Huenda mama yetu atatuambia: maua yatachanua baada ya wiki sita, na vidukari wapo leo. Ni kweli, kwa hiyo tuanze na leo. Achukue maji, awapige vidukari chini ya majani kwa nguvu asubuhi mapema, siku tatu mfululizo. Ncha zilizojaa sana azikate na kuzitupia kuku. Wakiendelea kumshinda, autumie mwarobaini.

Mti huu tunaujua kwa homa na kwa upele, nao una sifa nyingine. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alishuhudia nzige wakiivamia Sudan na kuumaliza mmea baada ya mmea, huku miarobaini ikibaki na majani yake. Utafiti mwingi uliofuata ulianzia hapo. Na ndugu zetu waliosimama Arafa wameuona mti huu, kwa kuwa miche yake kwa maelfu ilipandwa katika uwanja huo ili iwape mahujaji kivuli.

Nguvu yake imo zaidi katika mbegu. Chukua mbegu zilizokaushwa kivulini, ondoa maganda, twanga gramu 50 za kiini, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ya kipande, kisha nyunyiza jioni, kwa kuwa jua huiua nguvu yake upesi. Nyunyiza chini ya majani palipo na wadudu tu, si bustani nzima, na usiyaguse maua ambako nyuki hula. Humdhuru zaidi yule anayekula jani kuliko yule anayewinda juu yake. Ni chungu, lakini si chakula: vyombo vyake viwe vya peke yake, watoto wasiuguse, na mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Yapo mambo ambayo njia hii haiwezi kuyafanya, na ni haki tuyataje. Haitakupa bustani isiyo na mdudu hata mmoja, kwani mlinzi asiye na windo huhama. Jani lenye tundu mbili tatu litabaki kuwa sehemu ya maisha. Majimoto mwenyewe, anayeilinda minazi, huwafuga wadudu gamba juu ya mikarafuu kwa ajili ya utamu wanaoutoa, kama mtu afugavyo mbuzi. Na kuna wavamizi wakali, kama kantangaze wa nyanya na viwavijeshi vamizi wa mahindi, ambao huenda wakamlazimu mkulima mkubwa kumwendea afisa ugani na kutumia kiuatilifu kilichosajiliwa, chenye lebo, kwa kipimo chake. Hilo tunalikubali. Tunachokikataa ni chupa ya soda.

Kazi za wiki hii

Kwa mama yetu, na kwa kila familia yenye kipande cha ardhi au hata ndoo tano za udongo barazani, tunapendekeza yafuatayo. Wiki hii, acheni mashina matatu ya giligilani na mawili ya mrehani yachanue. Acheni ukanda wa majani mafupi, upana wa hatua moja, kando ya ukuta bila kuufyeka. Wekeni kisahani cha maji chenye kokoto. Na Ijumaa baada ya Alasiri wachukueni watoto, mgeuze pamoja majani ya bamia, mhesabu: wangapi ni vidukari, wangapi wamevimba na kugeuka kahawia, wako wapi mamba wadogo weusi. Rudieni Ijumaa ifuatayo. Mtoto aliyemhesabu mdudu kibibi kwa wiki nne hatamponda tena, na hatahitaji kuambiwa asiiguse dawa, kwa kuwa atakuwa ameona kazi ikifanyika bila dawa.

Sisi wenyewe tulichukua msimu mzima hadi kunde zetu zikatulia. Leo kando ya tuta kuna giligilani lililochanua ambalo wageni hutuuliza mbona hatulivuni. Huwaambia kwamba hilo tumekwisha kulitoa ujira.

Mama yetu, tunasubiri utuandikie utakapoziona bamia zako zimebadilika, na tunakuomba utuambie kama jirani yako naye amepanda giligilani.